Nguzo za Kalokol: mawe yaliyosomwa kwa nyota kabla ya kusomwa kwa udongo

Kando ya barabara inayotoka Lodwar kwenda Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, kuna kundi la nguzo za mawe meusi. Baadhi ziko wima, nyingine zimeinama kila moja upande wake, na juu ya baadhi yake wapita njia wameweka vijiwe vidogo. Waturkana hupaita Namoratunga, na masimulizi yao yanasema kwamba hawa walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma. Akatokea mgeni asiye wa kawaida, wakamcheka, naye akawageuza mawe pale pale walipokuwa wamesimama. Ukiziangalia nguzo zilivyoinama huku na huku, huwezi kushangaa hadithi hiyo ilizaliwa wapi.

Wataalamu kwa muda mrefu walipaita Namoratunga ya pili, maana ipo nyingine mbali kusini, karibu na Lokori kwenye Mto Kerio. Siku hizi wengi wao wanasema Kalokol tu. Jina lilibadilika kwa sababu maalumu, nitaifikia.

Kwa zaidi ya miaka 40, mtu akiuliza mahali hapa ni nini, jibu analopewa ni moja: ni kalenda ya nyota, iliyojengwa na Wakushi wa kale yapata mwaka 300 KK. Jibu hilo linarudiwa katika vitabu vya wasafiri, katika video na katika makala za mtandaoni, tena kwa fahari. Fahari hiyo naielewa kabisa. Bara ambalo historia yake imedharauliwa kwa karne nyingi lina haki ya kufurahia kila ushahidi kwamba wazee wake walikuwa wataalamu wa anga. Lakini ushahidi huu, ukiupima, hausimami. Na kwa kuushikilia tumekuwa tukiwapeleka watoto wetu mahali pazito sana na kuwaambia watazame juu, wakati jambo kubwa lililofanyika pale liko chini ya nyayo zao.

Dai la 1978

Mei 1978 jarida la Science lilichapisha makala ya Wamarekani wawili, Mark Lynch na Lawrence Robbins. Walikuwa wamepima nguzo 19 za basalti pale Kalokol na kuchora mistari ya kufikirika kutoka nguzo moja hadi nyingine. Wakaona kwamba mistari hiyo inaelekea mahali zilipokuwa zikichomoza nyota saba, au makundi saba ya nyota: Triangulum, Kilimia, Aldebaran, Bellatrix, nyota za katikati ya Orion, Saiph na Sirius.

Nyota hizo hazikuokotwa tu. Ndizo hasa zinazotumiwa na Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya katika kalenda yao, ambayo msomi Asmarom Legesse alikuwa ameieleza kwa urefu mwaka 1973. Kalenda ya Waborana ina miezi 12 ya mwandamo na siku 354. Miezi sita ya mwanzo hutambuliwa kwa mwezi mchanga unapokutana na nyota fulani, ikianza na mwezi uitwao Bitotessa, ambapo mwezi wa angani hukutana na Triangulum, kisha Camsa, ambapo hukutana na Kilimia, na kuendelea hivyo hadi Sirius. Miezi sita inayofuata hutambuliwa kwa umbo la mwezi unapokuwa karibu na Triangulum. Wako wataalamu maalumu, ayyantu, wanaoishika hesabu hiyo kichwani, bila kitabu wala chombo. Hiyo ni elimu ya kweli, inayoishi, na lolote nitakalosema kuhusu mawe ya Kalokol haliigusi.

Lynch na Robbins walihitaji pia tarehe. Kule Lokori kuna makaburi yaliyozungushiwa mawe ya kusimama, mengine yamechorwa alama, na mfupa uliopimwa kaboni kutoka huko uliwapa umri unaoangukia yapata mwaka 300 KK. Kwa kuwa Kalokol nako kuna kaburi linalofanana na ya Lokori, wakaichukua tarehe ile na kuivisha Kalokol pamoja na nguzo zake zote.

Kwa hiyo dai lilikuwa na miguu mitatu: mistari ya nguzo, kalenda ya Waborana, na tarehe ya kuazima. Mguu wa kati ulikuwa imara, nao ndio uliofanya watu wengi waamini kwamba miguu mingine miwili iko vilevile.

Dira na mawe yenye sumaku

Wa kwanza kulipinga kwa vipimo alikuwa mwanaakiolojia Robert Soper, mwaka 1982, katika jarida la Azania. Alirudi Kalokol akapima upya, akaligundua jambo ambalo, ukishaambiwa, unajiuliza kwa nini halikufikiriwa mapema. Basalti ni jiwe la volkeno lenye chembe za madini ya chuma, na nguzo zile zina sumaku kidogo. Ukisimama na dira karibu na nguzo ili upime uelekeo wa nguzo ya pili, sindano ya dira inavutwa na jiwe lenyewe. Haivutwi sana, lakini hapa tunabishania digrii moja au mbili, na digrii moja au mbili zinatosha kuhamisha mstari kutoka nyota moja hadi nyingine. Vipimo vya 1978 na vya Soper havikulingana.

Watu wengi wanaosimulia kisa hiki wanaishia hapo, kana kwamba dira ndiyo iliyoharibu kila kitu na vipimo vizuri vingeliokoa dai. Mimi nadhani tatizo kubwa lilikuwa kwenye hesabu, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Nguzo 19 ukiziunganisha mbilimbili unapata jozi 171. Kila jozi inatoa mstari mmoja wenye ncha inayoelekea upande wa mashariki, ambako nyota huchomoza. Upande huo wote, kutoka kaskazini kupitia mashariki hadi kusini, una digrii 180. Maana yake ni kwamba kuna karibu mstari mmoja kwa kila digrii ya upeo wa macho. Chagua nyota saba zozote upendazo, ruhusu kosa la digrii moja, na kila moja itapata mstari wake. Ningeweza kuchukua nyota wanazozitumia manahodha wa majahazi, au saba za kubahatisha, na mawe ya Kalokol yangezikubali zote.

Kuna pingamizi jingine linalotoka kwenye anga lenyewe, nami naliona zito kuliko la dira. Mwezi hautembei popote utakapo. Njia yake haiachani na njia ya jua kwa zaidi ya digrii tano hivi. Kilimia na Aldebaran ziko karibu na njia hiyo, kwa hiyo mwezi unaweza kuonekana kando yake kabisa. Sirius iko karibu digrii 40 kusini ya njia ya jua, na Saiph zaidi ya 30. Mwezi haufiki huko kamwe. Ayyantu wa Kiborana akisema kwamba mwezi na Sirius vimekutana, hawezi kuwa na maana ya kwamba vimechomoza mahali pamoja kwenye upeo wa macho. Mwaka 1986 mwanaastronomia Laurance Doyle aliliandikia jambo hili katika Current Anthropology, akapendekeza kwamba kukutana kwenyewe kunahesabiwa kwa wakati, mwezi na nyota vikiwa vimepanda pamoja ingawa vimeachana kaskazini na kusini. Yeye alikuwa akijaribu kuielewa kalenda, wala hakuwa na nia ya kuibomoa. Lakini angalia matokeo yake kwa nguzo. Kama kalenda inafuata wakati wa kuchomoza, mstari wa mawe unaoonyesha mahali nyota inapochomoza hausaidii kazi hiyo.

Tena, mtu anayejua nyota hahitaji jiwe la kumwonyesha ziliko. Wakulima na mabaharia wa mwambao wetu waliishi na Kilimia vizazi na vizazi, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walikitazama tu magharibi jioni kinapopotelea, wakakisubiri mashariki alfajiri. Hakuna aliyesimamisha nguzo kwa ajili yake.

Tarehe ilipoanguka

Mguu wa tatu ulivunjwa na jembe na sepetu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 kikundi cha watafiti wakiongozwa na Elisabeth Hildebrand wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kilianza kuchimba sehemu zenye nguzo magharibi mwa ziwa. Zilikuwa nne: Lothagam Kaskazini, Lothagam Magharibi, Manemanya na Kalokol. Mwaka 2011 walichapisha taarifa ya zote nne. Umri wake ni kati ya miaka 5000 na 4000 iliyopita. Ukiongeza Jarigole na Il Lokeridede za upande wa mashariki wa ziwa, tunazungumzia desturi moja ya ujenzi iliyoenea kuzunguka ziwa zima.

Kwa hiyo nguzo za Kalokol zina umri wa karibu mara mbili ya ule zilioazimwa kutoka Lokori. Makaburi ya Lokori ni ya watu wengine, wa wakati mwingine, na ndiyo maana jina la Namoratunga ya pili limeachwa: lilikuwa linafunga pamoja vitu viwili visivyohusiana.

Tarehe mpya inaua mistari ya nyota hata kwa yule asiyejali habari za dira. Mhimili wa dunia huyumba polepole, ukimaliza duara moja kwa karibu miaka 26,000, na kwa hiyo mahali nyota inapochomoza huhama karne kwa karne. Mwaka 300 KK, mtu aliyesimama Kalokol alikiona Kilimia kikichomoza kama digrii 14 au 15 kaskazini ya mashariki kamili. Mwaka 2500 KK kilichomoza karibu na mashariki yenyewe, kwa tofauti isiyofika digrii tano. Sirius nayo ilikuwa kama digrii tano kusini zaidi ya ilivyokuja kuwa baadaye. Mistari iliyochorwa kwa ajili ya anga la mwaka 300 KK ilikuwa inaangalia anga ambalo wajenzi hawakuwahi kuliona.

Kilichokuwa chini

Ili kuelewa nguzo hizi ni za nini, inabidi kuondoka Kalokol kwa muda na kwenda kusini hadi Lothagam, mahali palipochimbwa kwa kina kuliko pengine pote. Taarifa kamili ilitoka Agosti 2018 katika jarida la PNAS, na tangu hapo sioni jinsi mtu anavyoweza kusimulia habari za nguzo za Turkana bila kuanza nayo.

Wajenzi walichagua mchanga wa ufuko wa zamani wa ziwa. Katikati wakaondoa mchanga hadi kufikia mwamba, eneo la takriban mita 120 za mraba. Wakachimba makaburi kwenye mwamba laini wa chini, wakazika. Vizazi vilivyofuata vikaendelea kuzika juu ya waliotangulia, miili ikasongamana. Kwa kuchimba sehemu ndogo na kulipima shimo zima kwa rada inayopenya ardhini, watafiti walikadiria kwamba humo wamelala watu wasiopungua 580. Kazi ilidumu miaka mia kadhaa, kati ya miaka 5000 na 4300 hivi iliyopita. Shimo lilikuwa katikati ya jukwaa lenye upana wa mita 30 hivi, na lilipojaa wakalifunika kwa kifusi na tabaka la mawe. Ndipo wakasimamisha nguzo, nyingine zikitoka hadi kilomita moja mbali.

Mpangilio huo ndio unaobadilisha kila kitu. Nguzo zilikuja mwisho. Zilipowekwa, watu 580 walikuwa tayari wako chini. Mtu anayefika leo na kuziona nguzo tu anakutana na hatua ya mwisho kabisa ya kazi iliyochukua vizazi vingi, na akizifanya ndizo kiini cha mahali ameanza kusoma barua kwa sahihi.

Waliozikwa ni wanawake kwa wanaume, watoto wachanga kwa wazee. Karibu kila mmoja aliyepatikana alikuwa na mapambo yake: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, mawe ya rangi ya kijani, samawati na waridi yaliyochongwa kuwa vidani, pete za meno ya kiboko. Mmoja alivikwa kichwani pambo lenye meno 405 ya gerbili, yule panya mdogo wa nyika kame, ambayo lazima yalitoka kwa wanyama wasiopungua 113. Fikiria kazi ya kuwakamata hao wote, kung'oa jino moja moja na kuliunganisha na mwenzake. Mwingine alizikwa na kibao cha jiwe kilichochongwa umbo la ng'ombe.

Hakukuwa na kaburi la mfalme. Hakuna kundi lililojitenga katikati kwa vito huku wengine wakisukumwa pembeni mikono mitupu. Jambo hili limewasumbua wanaakiolojia, na ni vizuri limewasumbua. Kwa muda mrefu kanuni yao ilikuwa kwamba ujenzi mkubwa unahitaji mkubwa: mtawala wa kuamuru, mashamba ya kulisha wafanyakazi, tabaka la juu linalotaka kukumbukwa. Lothagam ilijengwa na wafugaji wanaohamahama, katika kundi la kwanza la wafugaji kufika sehemu hii ya Afrika Mashariki, na kila mmoja wao, hata mtoto wa miezi, alipata nafasi ndani ya mnara huo.

Hapa ndipo naposema kalenda ya nyota ilituficha jambo kubwa zaidi. Kalenda ingetuambia kwamba wazee wa Turkana walijua walichokijua Wababeli na Wamisri. Makaburi yanatuambia kwamba walifanya kitu ambacho Wababeli na Wamisri hawakukifanya.

Ziwa lililoondoka

Kwa nini hapa, na kwa nini wakati huo? Ramani ya leo haiwezi kujibu, kwa sababu ziwa tunalolijua si ziwa walilolijua wao. Katika kipindi cha mvua nyingi kilichoanza zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, Ziwa Turkana lilijaa hadi mita zipatazo 90 juu ya kiwango cha sasa, na maji yake yalimwagikia kaskazini magharibi kuelekea Nile. Watu wa wakati huo waliishi kwa samaki. Robbins, yule yule wa nguzo na nyota, alichimba kambi ya wavuvi hao pale Lothagam katika miaka ya 1960 na kukuta chusa za mfupa zenye meno, kazi nzuri sana ya mkono.

Kisha mvua zikapungua. Ziwa likaanza kushuka, na kushuka kwa ziwa katika nchi tambarare kunamaanisha ufuko kukimbia. Wenyeji wa Kalokol hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Katika miaka ya 1980 Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa tegemeo la wavuvi, ilikauka ndani ya miaka michache, wakati kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway kilikuwa bado kipya. Katika miaka ya karibuni maji yamerudi kwa nguvu na kufunika nyumba na malisho. Kushuka kwa mita chache tu kulitosha kuvuruga maisha ya mji mmoja. Kushuka kwa makumi ya mita, kukiendelea kizazi baada ya kizazi, kulibadilisha nchi nzima. Penye maji pakawa matope, kisha majani, kisha mchanga.

Wafugaji walifika wakati huohuo, wakitoka kaskazini na ng'ombe, mbuzi na kondoo, huku Sahara ikikauka nyuma yao. Ardhi iliyoachwa na ziwa ilikuwa na malisho mapya, lakini hayakuwa ya kutegemea. Kila mwaka ramani ilikuwa nyingine: kisima cha mwaka juzi kimekauka, ufuko wa babu sasa uko mbali na maji, majirani wamehamia ng'ambo. Mfugaji katika hali hiyo anahitaji watu wengine kuliko mkulima anavyowahitaji. Anahitaji wa kumpa mtamba ukame ukimmalizia mifugo, wa kumwambia mvua imenyesha wapi, wa kuoa kwao. Anahitaji pia mahali ambapo watu hao watapatikana.

Nguzo zilikuwa mahali hapo. Hii ni tafsiri, lakini ni tafsiri inayobeba ushahidi wote bila kuulazimisha. Ziko karibu na fuko za zamani, mahali penye kuonekana. Mawe yake ni meusi juu ya mchanga na mwamba wa rangi hafifu, hivyo mtu anayetoka mbali anayatambua. Zilitembelewa tena na tena kwa mamia ya miaka. Wafu waliwekwa pamoja badala ya kuzikwa kila mmoja alipofia, na hilo kwa watu wanaohama ni uamuzi wenye gharama, maana maiti inabidi ibebwe. Ziwa lilikuwa linahama, mifugo ilikuwa inahama, na katikati ya hayo yote watu waliamua pawepo mahali pamoja pasipohama.

Hata mawe yenyewe yanasema hivyo. Basalti ikipoa hujikaza na kupasuka yenyewe kuwa nguzo zenye pande nyingi. Hakuna fundi aliyezichonga. Mchanga na kifusi vya kufunikia makaburi vilikuwa karibu. Nguzo zililetwa kutoka mbali kidogo, kwa mabega, na watu ambao wangeweza kumaliza kazi bila hizo. Walizitaka zionekane.

Ujenzi huu ulikoma baada ya muda. Ukame ulipozoeleka na njia za kuishi nao zikapatikana, wafugaji walisogea kusini taratibu, na kufikia miaka 3000 hivi iliyopita walikuwa wametapakaa kwenye Bonde la Ufa na nyanda za kusini mwa Kenya. Kule hawakusimamisha nguzo za namna hii. Zilikuwa jibu la mahali pamoja na wakati mmoja, na kwa maoni yangu hilo linazipa thamani zaidi kuliko kama zingekuwa kila mahali.

Kalokol leo

Waturkana wenyewe walifika katika nchi hii katika karne za karibuni tu, wakitokea upande wa Karamoja, na hawadai kwamba mababu zao ndio waliosimamisha nguzo. Hadithi yao ya wacheza ngoma ni ya watu waliozikuta. Bado naona imekaribia ukweli kuliko kalenda. Inasema kwamba mawe haya ni watu, kundi la watu waliokuwa pamoja. Haisemi kwamba ni chombo cha kupimia kitu. Vijiwe wanavyoviweka juu ya nguzo ni namna ya kupaheshimu, ingawa wageni wanaoiga kwa ajili ya picha wangefanya vyema kuacha mikono yao mbali. Kila jiwe linalookotwa pale kutoka juu ya ardhi huenda ni sehemu ya jukwaa lililofunika makaburi.

Kisheria nguzo zinalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Lakini ulinzi wa kwanza wa mahali kama hapa ni kujua ni nini. Mtu anayeamini kwamba amesimama kwenye saa ya kale ataketi juu ya nguzo, atapiga picha, ataruka kutoka moja hadi nyingine. Akijua ni maziara, miguu yake yenyewe itamwambia la kufanya. Kwa sababu hiyo naona waongozaji wageni wa Lodwar na Kalokol, walimu wanaoleta wanafunzi, na wote wanaoandika habari za Turkana wanapaswa kuiacha hadithi ya nyota na kuanza na makaburi, ziwa na mifugo. Hawatakosa la kusimulia.

Atakayetaka kuzirudisha nyota ana njia iliyo wazi. Ataje nyota zake kabla ya kwenda uwanjani. Apime kwa jua au kwa vyombo visivyotegemea sumaku. Atumie anga la miaka 5000 hadi 4000 iliyopita. Aonyeshe kwamba nyota hizo hizo zinajitokeza pia Lothagam, Manemanya na Jarigole, zilizojengwa na watu wa desturi ile ile. Kisha azipime nguzo hizo hizo kwa nyota za kubahatisha, aone kama zake zinalingana na mistari kuliko za bahati. Dai la 1978 halikupitia kipimo hicho.